Kabla hujanunua kopo: mwongozo wa kuchagua polishi ya zana za zamani za mkono

Randa ya kwanza niliyonunua Makoroboi, hapa Mwanza, niliiharibu mwenyewe, ndani ya nusu saa, kwa sababu nilitaka ing'ae. Ilikuwa randa ya chuma ya Stanley, namba 4, imelazwa kwenye turubai katikati ya spana na vyuma vya baiskeli. Kile kifuniko kinachobana kisu kilikuwa na weupe uliofifia, nikadhani ni uchafu. Nikaazima grainda yenye brashi ya waya kwa jirani yangu mchomeleaji, nikapiga mpaka weupe wote ukaisha. Kumbe ule weupe ndio nikeli yenyewe. Chini yake palikuwa na chuma cha kijivu kisicho na ulinzi, na mvua za vuli zilipoanza kikaota kutu ya rangi ya machungwa kwa siku nne tu.

Siku hizo nilikuwa na kazi upande wa Kirumba, jirani na mwalo, kwa mafundi wa mitumbwi ya mbao. Nikamwamkia mmoja wao, mzee, kwa Kisukuma, "Mwangaluka, babu," nikamwonyesha randa yangu. Akaigeuzageuza.

"Kisu umekigusa?"

"Bado, babu."

"Basi umeosha vyombo, chakula hujapika."

Kisha akanipa tezo lake nilitazame. Lilikuwa jeusi tii kama sufuria ya ugali wa kuni, isipokuwa ukanda wa upana wa vidole viwili kwenye makali. Ukanda huo ulikuwa unang'aa hadi nikaona mawingu ndani yake. Polishi hakuwa nayo. Alikuwa na kinoo, kipande cha ngozi ya mkanda na mafuta ya cherehani.

Tangu hapo nimesafisha zana nyingi kuukuu, zangu na za watu, na swali ninaloulizwa kila mara ni lile lile: ninunue polishi gani? Jibu linategemea metali uliyoshika, sehemu unayotaka ing'ae, na kilichomo ndani ya kopo. Tuanze na mkononi kabla ya dukani.

Jua umeshika metali gani

Tafuta sumaku. Spika ya redio iliyokufa inayo, na fundi redio atakupa bure ukimwomba vizuri. Iguse kila sehemu ya zana, maana zana moja huwa na metali mbili au tatu. Sumaku ikishika, ni chuma cha aina fulani. Isiposhika na metali ni ya njano, ni shaba ya njano: pete za mipini, skrubu za mpini wa msumeno, mapambo ya pimamaji. Ikiwa ni nyepesi, nyeupe na sumaku haishiki, ni alumini.

Mtego uko hapa: kitu cha njano ambacho sumaku inakishika. Hicho ni chuma kilichopakwa utando mwembamba tu, na polishi yoyote yenye unga itaumaliza. Vivyo hivyo kwa nikeli, na kwa kromu iliyoanza kuisha. Angalia pembe na sehemu zinazoshikwa sana. Ukiona rangi mbili, ya juu inaisha na ya chini inachungulia, ujue hapo pamepakwa. Sehemu hiyo ni ya kitambaa laini na sabuni, basi. Mimi nililipia somo hilo kwa randa nzima.

Rangi nyeusi inayong'aa ndani ya mwili wa randa za zamani ni ya kiwandani. Iache hata kama imebanduka kidogo.

Weusi si kutu

Watu wengi hapa ndipo wanapoharibu. Chuma cha miaka mingi huvaa weusi au rangi ya kahawa iliyokolea, laini, isiyotoa unga. Hiyo ni ngozi ya chuma. Inapunguza kasi ya kutu mpya na haizuii kazi. Kutu yenyewe ni ile ya rangi ya machungwa au nyekundu, inayovimba na kumeguka.

Chukua kitambaa cheupe chenye tone la mafuta, sugua mara kumi kwa nguvu. Kitambaa kikitoka chekundu, kutu bado iko hai. Kikitoka na weusi hafifu na chuma kimebaki laini, hapo hapahitaji kitu zaidi ya mafuta. Ukifanya jaribio hili kwa uaminifu, utagundua nusu ya zana ulizotaka kuzing'arisha hazihitaji polishi kabisa.

Kutu itoke kwanza

Polishi si dawa ya kutu. Ukiipaka juu ya kutu unasaga kutu iwe tope jekundu, na tope hilo linachora mikwaruzo kwenye chuma kizima kilicho jirani. Utamaliza kopo na mkono utauma.

Kutu ya juujuu itoe kwa mafuta ya taa na stilwaya laini, isiyo na sabuni. Lowesha, subiri dakika kumi, sugua kufuata urefu wa chuma, futa, rudia. Kwa sehemu bapa, wembe au kisu cha kukwangulia rangi kilicholazwa karibu sawa na chuma hunyanyua kutu vizuri bila kukwaruza.

Kutu iliyokomaa inahitaji kuloweshwa. Siki nyeupe ya dukani inatosha: toa mbao na mipini yote, safisha mafuta kwa sabuni, zamisha chuma chote, na kagua kila baada ya saa chache. Usiku mmoja kwa kawaida unamaliza kazi. Siku tatu zitakula chuma chenyewe na kukiacha na vijishimo na rangi ya kijivu iliyokufa. Usiloweke chuma nusu ndani nusu nje, mstari wa maji utabaki umechorwa. Ukitoa, suuza, kisha zamisha dakika chache kwenye maji ya magadi ili kuua makali ya siki. Kausha juani mara moja na upake mafuta papo hapo. Chuma kilichotoka kwenye siki kinaota kutu mpya ukiwa bado unatafuta kitambaa.

Kwa chuma kizito, kama jiriwa au mwili wa randa iliyokaa bandani miaka ishirini, njia ninayoipenda ni ya umeme. Chukua beseni la plastiki, maji, na kijiko kikubwa cha magadi soda kwa kila lita nne au tano. Ya pakiti ni bora kuliko ya mawe, kwa sababu ya mawe mara nyingi huwa na chumvi ndani yake. Zamisha zana na kipande cha chuma chakavu bila kugusana. Waya hasi wa chaja ya betri ya gari uende kwenye zana, waya chanya kwenye chuma chakavu. Ukivigeuza, zana ndiyo italiwa. Usitumie chuma kisichoota kutu, kama kijiko au sufuria inayong'aa, upande wa chanya, maana maji yatachanganyika na sumu ya kromu. Fanyia nje, mbali na moto, kwa sababu mapovu unayoyaona ni haidrojeni inayowaka, na zima chaja kabla ya kutia mkono. Alumini na shaba visiingie humo.

Kuna wanaotumia maji ya betri. Nawasihi waache. Asidi hiyo inaunguza macho na ngozi, na tena chuma kigumu cha patasi na springi kinaweza kunyonya haidrojeni kikawa kama biskuti: unapiga nyundo, kinakatika. Asidi ya kusafishia vigae nayo ina mvuke unaotembea. Ukiifungua ndani ya karakana, zana ambazo hukuzigusa zitaamka asubuhi zimeota kutu.

Ndani ya kopo kuna nini

Karibu polishi zote za metali, ziwe za chupa, kopo au tyubu, zina vitu viwili vikubwa: unga wa kusaga na kimiminika cha kuubeba. Ukielewa hivyo viwili, jina la juu ya kopo halikusumbui tena.

Anza na unga. Ugumu wa madini hupimwa kwa kipimo cha Mohs, kuanzia 1 hadi 10, na 10 ni almasi. Shaba ya njano iko karibu na 3. Chuma kigumu cha patasi au kisu cha randa kiko kati ya 6 na 7 hivi. Chaki ni 3. Silika, ambayo ndiyo mchanga, ni 7. Oksidi ya kromu, ile ya kijani, iko juu ya 8, na oksidi ya alumini, ambayo ndiyo inayotumika kwenye misasa mingi, ni 9. Kitu laini hakikati kitu kigumu. Kwa hiyo dawa ya meno yenye chaki itafuta weusi wa pete ya shaba vizuri sana, lakini ukiisugulia patasi tangu adhuhuri hadi magharibi utapata patasi yenye harufu nzuri. Kwa upande mwingine, unga wa oksidi ya alumini utang'arisha patasi, ila kwenye nikeli nyembamba ni kama kumtuma fahali akafagie sebule.

Jambo la pili kuhusu unga ni ukubwa wa chembe. Ugumu unakuambia kama utakata, na ukubwa unakuambia utaacha alama gani. Majivu ya jikoni yana silika, ndiyo maana bibi zetu waling'arisha masufuria kwayo, lakini chembe zake hazilingani: moja kubwa tu inatosha kuchora mstari utakaouona mwaka mzima. Ukitaka kuyatumia kwa shaba, yachunge kwa kitambaa cha kanga mara mbili.

Sasa kimiminika. Brasso, iliyoanza kutengenezwa na kampuni ya Reckitt ya Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20, ndiyo inayojulikana zaidi kwetu, kwa ajili ya vifungo vya sare na vyombo vya bendi. Ile harufu inayopanda puani ni ya amonia. Amonia inayeyusha weusi wa shaba, kwa hiyo unga laini unatosha. Lakini amonia ikiachwa kwenye shaba ya njano inaendelea kula. Waingereza waliokuwa India waliona maganda ya risasi ya shaba, yaliyohifadhiwa jirani na mazizi ya farasi, yakipasuka yenyewe wakati wa masika. Mkojo wa farasi ulikuwa unatoa amonia. Pete ya mpini wa patasi imekazwa kwa nguvu kama ganda lile. Kwa hiyo tumia Brasso, kisha ifute yote, hasa pale pete inapokutana na mbao. Mabaki meupe yaliyokauka kwenye pembe ni uzembe, na yanaonekana.

Autosol, inayotoka Solingen, mji wa visu wa Ujerumani, ni ya tyubu, nzito, na utaipata kwenye maduka ya spea za pikipiki na magari. Inafaa chuma tupu na kromu nzima, na ndiyo ninayoitumia zaidi kwa kumalizia. Kwa shaba pia inafanya kazi, ukiwa na mkono mwepesi.

Kuna pia kipande kigumu cha kijani kama sabuni, cha oksidi ya kromu, kinachouzwa kwa ajili ya mashine za kung'arishia. Kwangu mimi hicho ndicho kitu cha thamani kuliko vyote kwa zana za kukata, na kipande kimoja kinakaa miaka.

Polishi ya mwili wa gari iache. Nyingi zina silikoni, nayo ikishagusa randa inahamia kwenye mbao. Siku ya kupaka vanishi utaona vishimo vya duara, vanishi inakimbia kama maji kwenye jani la mgomba. Mteja hatakuelewa ukimwambia kosa lilianzia kwenye randa.

Jaribio la kijiko

Usimwamini muuzaji wala usiniamini mimi. Chukua kijiko kinachong'aa, geuza mgongo, weka polishi kiasi cha punje ya mchele, sugua kwa kitambaa laini mara ishirini sehemu moja. Futa, kisha tazama chini ya tochi ya simu ukiwa umeiinamisha. Ukiona utando wa mikwaruzo mipya, unga huo ni mkubwa: ufanyie kazi ya katikati, si ya kumalizia. Kijiko kikibaki kama kilivyokuwa au kikang'aa zaidi, hiyo ni ya kumalizia. Kisha jaribu kwenye zana yenyewe, mahali pasipoonekana.

Kila zana na haki yake

Patasi na kisu cha randa ndivyo vinavyostahili jasho lako, na hata hapo ni mgongo tu, sentimita mbili au tatu za mwisho. Makali ni pale nyuso mbili zinapokutana. Mgongo ukiwa na mikwaruzo, makali yatakuwa na meno, na meno hayo huvunjika. Weka kipande cha kioo kinene juu ya meza, bandika msasa wa maji wa 400 (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi) kwa maji tu, lalisha mgongo wa patasi bapa kabisa na usugue bila kuinua mpini. Mikwaruzo yote ikielekea upande mmoja, hamia 800, kisha 1200, kisha 2000. Kila unapohama, sugua kwa kukingama na mwelekeo wa mwanzo. Mstari wa zamani ukionekana bado, hujamaliza. Ukiruka namba utalipa baadaye, kwa sababu polishi haiwezi kufuta alama ya 400.

Hapo ndipo kile cha kijani kinaingia. Gundisha ngozi ya mkanda kwenye ubao ulionyooka, ipake tone la mafuta ya cherehani, sugulia kipande cha kijani mpaka ngozi ibadilike rangi. Vuta patasi kurudi nyuma, makali yakifuata, mara ishirini. Usiisukume mbele, utakata ngozi. Usitumie kitambaa kinene kwa hatua hii, kinabonyea na kuviringisha makali. Ukiona taswira ya nywele za mkono wako kwenye mgongo wa patasi, kama kwenye kioo, inatosha.

Grainda isikaribie kisu. Chuma cha kukata kikipata joto la karibu nyuzi 300 kinageuka buluu, na buluu hiyo ni ugumu umeshaondoka. Ukiifuta rangi, ugumu haurudi.

Msumeno una kesi yake. Kwenye ubapa wake kuna jina la mtengenezaji, limechorwa kwa asidi, si kwa patasi, kwa hiyo lina kina kidogo sana. Nimeona msumeno mzuri wa Disston, wa Marekani, ukipoteza jina lake lote kwa msasa wa 80. Zungushia msasa wa 400 kwenye kipande cha mbao, lowesha mafuta ya taa, sugua kwa urefu, na simama mara herufi nyeusi zinapoanza kusomeka. Baada ya hapo Autosol kidogo kwa kitambaa. Hapa mng'ao una kazi: ukiweka msumeno juu ya ubao, tazama kivuli cha ubao ndani ya chuma. Ubao na kivuli chake vikiwa mstari mmoja ulionyooka, msumeno umesimama wima sawasawa. Mafundi wa zamani hawakuhitaji kona mraba kwa kila mkato.

Uso wa chini wa randa unahitaji kuwa bapa na kuteleza, si kuwa kioo. Msasa wa 400, futa, nta, basi. Nyundo na shoka: mdomo na makali tu. Spana za kromu: Autosol ikiwa kromu ni nzima; ikiwa inabanduka, usisugue, vipande vyake vinakata vidole.

Shaba ya njano naimaliza haraka. Ndimu na chumvi zinang'arisha kwa dakika moja, lakini ukiziacha zinachota zinki na kuacha wekundu wa waridi, na chumvi inayobaki itatafuta chuma cha jirani. Brasso, kitambaa, futa, malizia kwa kitambaa kikavu. Wengine huiacha shaba iwe na rangi ya asali iliyozeeka, nami siku hizi niko upande wao.

Kukinga, maana umeuvua chuma nguo

Chuma ulichokisugua kiko uchi. Kwanza toa mabaki ya polishi kwa mafuta ya taa na kitambaa safi, hadi kitambaa kisionyeshe weusi. Kisha chagua kati ya mafuta na nta.

Mafuta ya cherehani ni mazuri kwa zana ya kila siku. Mafuta ya kupikia hapana, yanageuka gundi. Oili chafu ya injini hapana pia: ina asidi na masizi, na itatia doa kila ubao utakaougusa.

Kwa zana inayokaa, nta ya nyuki ndiyo mambo yote. Wauza asali wanayo. Ikwangue, weka sehemu moja ya nta kwa nne za tapentaini ya duka la rangi ndani ya kopo, na kopo hilo uliweke ndani ya sufuria ya maji ya moto uliyoitoa tayari jikoni. Usiyeyushe juu ya moto, mvuke wa tapentaini unashika. Ikipoa inakuwa laini kama mafuta ya mgando. Paka nyembamba, subiri robo saa, sugua kwa kitambaa. Randa itateleza kama imepakwa sabuni.

Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, kwa hiyo sisi tuna nafuu kuliko mafundi wa Tanga au Dar es Salaam. Lakini unyevu wa alfajiri unaingia hata kwenye karakana iliyofungwa, na unatua kwenye chuma baridi. Usiweke zana kwenye sakafu ya saruji, wala usizifunge kwenye mfuko wa nailoni, zitatoa jasho humo. Sanduku la mbao lililoinuliwa juu ya matofali mawili linatosha.

Baada ya wiki moja toa zana uliyoimaliza, ipeleke dirishani, uiinamishe. Ukiona alama ya kahawia yenye mistari ya kidole gumba, hiyo ni chumvi ya jasho la mkono wako, ulipoishika baada ya kuipaka nta au mahali nta ilipopita mbali. Stilwaya na tone la mafuta vitaitoa kwa dakika moja leo. Ukisubiri hadi mwezi ujao itakuwa kishimo.